Namna ya kurekodi kumbukumbu za walioongoza huduma ya mama na mtoto

Msikilizaji wetu, tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipanga kwenda kumrekodi muuguzi mmoja mstaafu aliyehudumu katika zahanati ya kijiji tangu miaka ya sabini. Tulimpigia simu, akakubali, tukamwambia tutafika baada ya masika. Barabara ilipokauka tulikwenda kweli, lakini tulikwenda msibani. Baada ya mazishi wanawe walituonyesha daftari lake la zamani lenye majina ya watoto na uzito wao. Pembeni mwa baadhi ya majina palikuwa na alama ya kalamu nyekundu. Tuliuliza maana yake, na hakuna aliyejua. Aliyejua tulikuwa tumetoka kumzika.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiwatafuta wazee wa namna yake hapa nyanda za juu. Wengi wenu mmetuuliza kazi hii inafanywaje, na kama mtu mwenye simu ya kawaida anaweza kuifanya. Anaweza. Makala hii inaeleza namna.

Kwa nini wazee hawa

Huduma ya mama na mtoto tunayoiona leo ilijengwa na watu, na wengi wao bado wapo au wametutoka juzi tu. Chama cha Uzazi na Malezi Bora, UMATI, kilianza mwaka 1959. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata serikali ilianza kusambaza kliniki za mama na mtoto nchi nzima. Mwaka 1983 mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, ulianza mpango mkubwa wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Ulianzia katika vijiji 168. Watoto walipimwa kijijini, kamati ya kijiji ikakaa na kuyatazama matokeo, kisha ikaamua la kufanya. Mwaka 1987 mkutano wa kimataifa uliofanyika Nairobi ulizindua jitihada za uzazi salama, na vifo vya akina mama vikaanza kuzungumzwa waziwazi.

Hayo yameandikwa. Yasiyoandikwa ni namna mambo yalivyokuwa mlangoni. Nani alibeba mizani kupanda mlima? Mama aliyekataa mtoto wake asipimwe alishawishiwa na nani, kwa maneno gani? Mwenyekiti alipoona watoto wengi wameangukia sehemu nyekundu ya kadi, alisema nini mbele ya wanakijiji? Majibu yako vichwani mwa watu.

Kwa hiyo unapotafuta kiongozi wa kuhoji, usitafute mwenye cheo peke yake. Mganga mkuu wa wilaya ni kiongozi. Mkunga wa jadi aliyewaambia wenzake, "Huyu mzazi tusimng'ang'anie, apelekwe hospitali," naye ni kiongozi. Vivyo hivyo mhudumu wa afya wa kijiji, katibu wa kijiji aliyeandika mihtasari, na dereva aliyewavusha wazazi usiku.

Nenda mara ya kwanza bila kurekodi

Ziara ya kwanza ni ya salamu. Amkia shikamoo, na kama kwenu ni kamwene, basi kamwene. Kaa, pokea ulichokaribishwa, eleza wewe ni mtoto wa nani na unataka nini. Mzee akishajua ukoo wako, nusu ya kazi imekwisha.

Siku hiyohiyo omba ridhaa, na ridhaa ina maswali matatu. Je, unakubali sauti yako irekodiwe? Nani aruhusiwe kuisikia: familia tu, kijiji, au redio? Je, kuna jambo ungependa tulifute baadaye? Mweleze kwamba anaweza kusimama wakati wowote na kukataa swali lolote. Siku ya mazungumzo, mwombe arudie ridhaa hiyo simu ikiwa inarekodi.

Andaa simu na mahali

Chaji simu hadi ijae. Futa video usizozihitaji ili nafasi ipatikane. Washa alama ya ndege ili mtu asipige katikati ya maneno. Kisha rekodi dakika moja ya majaribio, uisikilize.

Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na mzee kuliko wewe. Epuka chini ya bati wakati wa mvua, karibu na mashine ya kusaga, na jikoni kuku wanapolishwa. Mwanzoni taja tarehe, mahali, jina la mzee na jina lako.

Mzee aseme lugha anayoiota. Akianza Kiswahili kisha akahamia Kihehe au Kibena, mwache. Tafsiri itafanyika baadaye. Neno la uzazi likisemwa kwa lugha ya nyumbani hubeba mambo ambayo Kiswahili cha semina hakiyabebi.

Maswali yanayofungua mdomo

Swali la kujibiwa ndiyo au hapana linaua mazungumzo. Badala ya "Je, kazi ilikuwa ngumu?" sema, "Tueleze siku moja ya kliniki, tangu ulipoamka." Anzia utotoni, uje kwenye mafunzo, siku ya kwanza kazini, kisha mambo yaliyobadilika. Yenye uchungu yaje katikati, mzee akiwa amekuzoea. Usimalizie nayo. Mazungumzo yafungwe kwa jambo lenye nafuu.

Mzee akikaa kimya, nawe kaa kimya. Hesabu hadi kumi moyoni. Mara nyingi tumepata jambo kubwa baada ya kimya kama hicho, na mara nyingi tumelipoteza kwa haraka ya utangazaji, kwa sababu redioni tumefundishwa kuogopa kimya.

Wazee wengi hawakumbuki mwaka kwa tarakimu, lakini wanakumbuka mambo. Uliza: ilikuwa kabla ya kuhamia vijiji vya ujamaa au baada? Kabla ya vita vya Kagera vya 1978? Mwalimu alikuwa ameshang'atuka, yaani baada ya 1985? Mtoto wako yupi alikuwa mgongoni? Kwa njia hiyo mwaka hupatikana.

Uliza pia, "Hilo uliliona mwenyewe au uliambiwa?" Swali hilo halimdharau mzee. Linatusaidia kutenganisha ushuhuda na sifa za mtaani. Wazee wawili wakipishana, usiwagombanishe wala usichague mshindi. Hifadhi kauli zote mbili, kisha tafuta kadi za zamani, madaftari na mihtasari ya kijiji ulinganishe.

Siri za wagonjwa

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Tukiwa na mkunga mmoja mzee, alianza kusimulia mzazi aliyefia mikononi mwake, akamtaja kwa jina. Watoto wa marehemu wanaishi kijiji hichohicho. Tulizima simu, tukamwomba asimulie tena akisema "mama mmoja". Alifikiri kidogo, akasema, "Mmefanya vyema, mwanangu. Mimi nimezeeka, nasahau kwamba wao hawajasahau."

Mzee ana haki ya kusimulia maisha yake. Maisha ya mgonjwa wake si yake kuyagawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inahesabu habari za afya ya mtu kuwa jambo la kulindwa sana. Basi ondoa majina ya wagonjwa, na usitume sauti yote kwenye kundi la WhatsApp. Ikishatoka hairudi.

Jambo la pili: historia si maagizo ya tiba. Mzee akieleza mjamzito alikatazwa mayai, au dawa gani ilichemshwa, tunahifadhi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ukitangaza sehemu kama hiyo, weka maelezo ya muuguzi wa leo kando yake. Mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa sana au anayepata degedege apelekwe kituo cha afya mara moja.

Baada ya mazungumzo

Jioni hiyohiyo ipe sauti jina lenye tarehe, kijiji na jina la mzee. Weka nakala mbili mahali tofauti, mfano kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye kompyuta ya shule. Andika ukurasa mmoja wa muhtasari: dakika gani inazungumzia nini. Kisha rudi kwa mzee, msikilize pamoja. Ndipo husema, "Hapo nilikosea," au, "Hapo nimesahau jambo." Rekodi na hayo.

Na daftari la yule muuguzi? Tulilipeleka kwa mhudumu mstaafu wa kijiji jirani. Alivaa miwani, akapitisha kidole, akasema kwake alama nyekundu ilikuwa ya mtoto wa kutembelewa nyumbani kabla ya siku ya kupima kurudi. Huenda ndivyo ilivyokuwa hata kwa marehemu. Hatuwezi kuapa. Tumeandika hivyo pembeni: "huenda".

Kama kijijini kwenu yupo mzee wa namna hii, usisubiri masika yapite.