Mpira wa breki ya pikipiki umetoboka? Usiufunge kwa tyubu, soma hapa kwanza

Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba hivi, bodaboda za Kitaya hazipumziki. Asubuhi abiria, mchana magunia, jioni abiria tena. Njia zina mchanga na makorongo, na ukitoka juu upande wa Nanyamba kushuka bonde la Mto Ruvuma, breki ndiyo uhai wako na wa uliyembeba.

Kwenye pikipiki zenye breki ya diski mbele, kuna kitu ambacho madereva wengi hawakiangalii mpaka kiwaangushe: mpira wa breki. Ni ule mpira mweusi mwembamba unaotoka kwenye usukani hadi gurudumu la mbele. Wengine huuita paipu, wengine hosi.

Ukitoboka, wengi hukimbilia kuufunga kwa kipande cha tyubu, waya, gundi au selotepu. Jibu ni fupi: mpira wa breki hauzibwi, unabadilishwa.

Kwa nini hauzibiki?

Ndani ya mpira ule hakuna waya, kuna mafuta ya breki. Ukibana mkono wa breki, pistoni ndogo kwenye masta (kile kikopo cha pale kwenye usukani) inayasukuma mafuta hadi kwenye kalipa kule chini. Kalipa nayo inazibana pedi kwenye diski, pikipiki inasimama.

Sasa piga hesabu. Tuseme umebana kwa nguvu ya kilo 10. Mkono wa breki unaikuza nguvu hiyo kama mara 5, yaani kilo 50. Pistoni yenye upana wa milimita 12 ina eneo la sentimita mraba 1 na kidogo tu. Kwa hiyo kila sentimita mraba ndani ya mpira inabeba zaidi ya kilo 40. Tairi lako lina presha ya kilo 2 hivi. Hiyo ni zaidi ya mara 20 ya presha ya tairi, na wewe unataka kuizuia kwa kipande cha tyubu!

Hatari yenyewe iko hapa: kiraka kinaweza kushika ukijaribu polepole pale kijiweni. Kitaachia siku mtoto amekatiza barabara na wewe umebana kwa nguvu zako zote. Yaani kinakusaliti wakati ule ule unaokihitaji.

Dalili za mpira uliochoka

Geuza usukani kulia na kushoto, uukague mpira wote kuanzia juu hadi chini. Angalia haya:

• Nyufa ndogondogo, hasa kwenye mikunjo na karibu na ncha za chuma.
• Unyevu au vumbi lililogandamana sehemu moja. Hapo mafuta yanatoka.
• Uvimbe. Mwenzako abane breki, wewe utazame. Ukivimba kama puto, umekwisha.
• Sehemu iliyolika hadi nyuzi zinaonekana.
• Mkono wa breki unazama hadi kugusa usukani, au mafuta yanapungua kila wiki.

Kuna dalili moja inayowachanganya hata mafundi: umeachia breki lakini gurudumu bado limebana, na diski inapata moto. Mara nyingi shida iko kwenye kalipa au masta. Lakini wakati mwingine mpira umevimba au kuchanika kwa ndani, mafuta yanakwenda ila hayarudi vizuri. Kwa nje unauona mzima kabisa.

Nini kinauharibu?

Jua, umri na kusuguana. Kile kibanio kinachoushikilia pembeni ya shokapu kikipotea, mpira unaanza kusugua tairi. Kamba ya kufungia mzigo nayo inaukata. Halafu kuna tabia ya gereji: fundi anafungua gurudumu, kalipa anaiacha inaning'inia kwa mpira wake. Usikubali, mwambie aifunge kwa kamba.

Umepasuka njiani, ufanye nini?

Simama. Shusha abiria na mzigo, hata kama mteja atanuna. Funga mpira mbali na gurudumu usije ukajisokota. Futa mafuta yaliyomwagikia tairi na diski, osha kwa maji na sabuni.

Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda breki ya nyuma inajitegemea, kwa hiyo bado ipo. Lakini breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu ukisimama uzito wote unakimbilia mbele. Ya nyuma peke yake inakusimamisha mbali zaidi, na kwenye mchanga gurudumu linateleza. Kama spea haipo hapo kijijini, bora pikipiki ipande gari hadi kwa fundi. Na kama uko kwenye mteremko, isukume hadi chini.

Namna ya kubadilisha

1. Nunua mpira wa urefu ule ule, wenye ncha zilizopinda vilevile. Nenda na ule wa zamani dukani. Mfupi utavutika ukikata kona, mrefu utasugua tairi.

2. Nunua na washa mpya za kopa, 2 kila ncha, jumla 4. Za zamani zimeshabanwa, zikirudishwa huwa zinavujisha.

3. Funika tangi kwa kitambaa. Mafuta ya breki yanakula rangi.

4. Fungua boliti za ncha zote mbili. Zina tundu katikati, hivyo zinakatika kirahisi. Kaza vya kutosha, usizipandie kwa mguu.

5. Pitisha mpira njia ile ile ya zamani, rudisha vibanio vyote. Geuza usukani pande zote na ubonyeze shokapu, uhakikishe haugusi wala hauvutiki.

6. Toa upepo. Jaza masta. Chomeka mpira wa dripu kwenye ile skrubu ndogo ya kalipa, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Bana breki mara 3 au 4, shikilia, legeza skrubu kidogo, mafuta na mapovu yatoke, kaza, ndipo uachie. Rudia mpaka mapovu yaishe. Masta isikauke hata mara moja, utaanza upya.

7. Jaribu. Bana kwa nguvu zote, shikilia dakika nzima. Mkono wa breki ukizama, au ncha ikilowa, bado hujamaliza. Ukiwa mgumu, zunguka taratibu bila abiria kwanza.

Pedi zikilowa mafuta, badilisha. Kuzipiga msasa ni kujidanganya.

Mafuta yasiyo sahihi yanaua breki

Kwenye kifuniko cha masta pameandikwa aina ya mafuta, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Fuata hilo. Oili ya injini inavimbisha mipira ya masta na kalipa, utanunua vyote upya. DOT 5 nayo ni ya silikoni, haichanganywi na hizo.

Tumia kopo jipya. Mafuta haya yananyonya maji kutoka hewani. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi joto 205, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140. Ikichemka mteremkoni inakuwa mvuke, na mkono wa breki unazama bila kushika chochote. Yaliyotoka usiyarudishe, wala usiyahifadhi kwenye chupa ya soda. Ni sumu, na watoto wapo nyumbani.

Dukani ukiambiwa "chukua huu wa petroli" au wa hidroliki ya trekta, kataa. Haukutengenezwa kwa mafuta ya breki, utaharibika kutokea ndani.

Kila asubuhi kabla ya safari ya kwanza, bana breki, geuza usukani, pitisha kidole kwenye mpira wote. Haichukui hata dakika. Kidole kikitoka kimelowa, siku hiyo usibebe mtu.