Kamera kwa Mmoja, Kalamu kwa Aina

Wanafunzi wa usanifu wa michoro katika mwambao huu wana ugonjwa mmoja: machweo. Fungua jalada la kazi la mwanafunzi aliyewahi kufika Mafia, Kilwa au Lamu, utakuta humo chombo cha tanga, cheusi tii, mbele ya jua jekundu. Picha tamu, sibishi. Lakini uliza chombo kile ni jahazi au mashua, kina mataruma (mbavu za ndani) mangapi, usukani wake umeshikwa na nini, na picha haina la kujibu. Imetupa jua, ikatunyima chombo.

Kosa si la kamera. Mwanafunzi ameipa kazi isiyo yake, na kalamu, ambayo ingeiweza kazi hiyo, ameiacha mkobani. Hakuna mahali pazuri pa kulieleza jambo hili kama Jibondo.

Jibondo ni kisiwa kidogo kusini-mashariki ya kisiwa kikuu cha Mafia. Kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Ardhi yake ni mwamba wa matumbawe. Udongo ni haba, na maji baridi kwa muda mrefu yalikuwa ya kukinga mvua au kuvushwa kwa chombo. Watu wameishi kwa bahari: wanavua, wanalima mwani, na wanaunda vyombo ambavyo sifa yake imevuka kisiwa. Wanaviunda kwa tezo, msumeno, nyundo, na keekee inayozungushwa kwa uta.

Kwa mtu wa fani yangu ajabu kubwa ni kwamba chombo kile kinaundwa bila karatasi. Fundi analaza mkuku, uti wa mgongo wa chombo, anasimamisha nguzo ya omo, yaani mbele, na ya tezi, yaani nyuma, halafu sura yote inayofuata, tumbo lilivyotuna na mbao zilivyojikunja kuelekea omo, inatoka kichwani mwake. Alimtazama aliyemtangulia, akashika. Kwa hiyo mwanafunzi anayekwenda pale kuchora hana ramani ya kunakili. Analotia kwenye karatasi halijawahi kuwa kwenye karatasi.

Sasa, kamera ina nguvu gani na kalamu ina nguvu gani? Ipo mifano miwili mizuri, yote ya samaki.

Wa kwanza ni papa shilingi, yule mkubwa wa madoadoa anayeonekana upande wa Kilindoni kisiwani Mafia, hasa kuanzia Oktoba hadi Februari. Madoa yake hayafanani na ya mwenzake hata mmoja. Mtafiti akipiga picha ya ubavu wa kushoto, nyuma kidogo ya matamvua, kompyuta inalinganisha mpangilio wa madoa na picha za miaka iliyopita na kusema kama papa huyu amewahi kuonekana. Hesabu inayotumika ilibuniwa na mwanafalaki Edward Groth mwaka 1986 kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman waliionyesha ikifanya kazi kwenye ngozi ya papa. Hapa mchoraji hana nafasi. Hata awe hodari namna gani, mkono wake utalisogeza doa moja, na papa atakuwa papa mwingine.

Mfano wa pili uko kinyume kabisa. Mwaka 1985 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwongozo wa Gabriella Bianchi wa kutambua samaki wa biashara wa Tanzania. Umejaa michoro ya mistari, na waliouandaa hawakukosa kamera. Picha ya changu ni picha ya changu yule mmoja, aliyevuliwa siku ile, pezi limeraruka, rangi imepauka juani. Mchoro unamwonyesha changu kama alivyo kwa jumla: mapezi yote yamefunguliwa, miiba inahesabika, na kinachomtofautisha na jamaa zake kimekaziwa mstari.

Kwa hiyo kamera inashuhudia kitu kimoja, na mchoro unafundisha aina nzima. Atakayelishika hilo hatauliza tena kipi bora.

Turudi kwenye vyombo. Mwaka 1938 baharia Alan Villiers wa Australia alipanda bandarini Aden bumu (jahazi kubwa) la Kuwait lililoitwa Bayan, akashuka nalo hadi Unguja na delta ya Rufiji, ng'ambo ya Mafia, lilikokwenda kupakia boriti za mikoko. Picha alizopiga sasa ziko katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, Uingereza, na sijaona zilizozishinda. Unaona mabaharia wakivuta jurari, tanga likipanda, jasho, mikunjo ya nguo. Unajua watu wale waliishi. Lakini mtu hawezi kuunda bumu kwa kutazama picha za Villiers.

Mtepe unathibitisha hilo kwa uchungu zaidi. Chombo kile cha kushonwa kwa kamba, chenye tanga la mkeka, kilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Picha zake chache zipo, lakini za nje, na nje hakukuwa na siri: kamba za upande huo zilikatwa sawa na mbao baada ya matundu kuzibwa kwa vigingi. Ushonaji wenyewe ulikuwa ndani. Yaliyotuokoa ni vielelezo vidogo vya mbao vilivyohifadhiwa, na maelezo ya watu kama James Hornell, aliyeandika kuhusu mtepe mwaka 1941 akiwa na jicho la kupima.

Basi mwanafunzi aliyefika Jibondo agawe kazi. Kamera aipe mikono na wakati. Kalafati ni mfano: pamba iliyolowa mafuta inasokotwa, inashindiliwa katikati ya mbao kwa patasi butu, pigo baada ya pigo. Picha sita za mfululizo, kamera isiposogea, zinaeleza kuliko aya nzima. Vivyo hivyo kupaka shahamu, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaolinda tumbo la chombo dhidi ya wadudu wa baharini.

Ajihadhari na mwanga. Mafia iko karibu nyuzi 8 kusini ya ikweta, hivyo katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri linasimama utosini hasa. Macho ya watu yanazama kwenye kivuli cha paji, na ubavu wa chombo unakuwa bapa bila umbo. Apige kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Tena mchanga na mawe ya matumbawe ni meupe mno. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Kikiona mchanga ule kinapunguza mwanga, na uso wa fundi unatoka kama mkaa. Dawa ni kupima mwanga usoni kwake, au kuongeza hatua moja hadi moja na nusu juu ya kamera inachopendekeza. Na ngozi zetu hazikuanza leo kuonewa na vyombo hivi: kwa miongo kadhaa maabara zilisawazisha rangi za filamu kwa kadi za mwanamke Mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Canada, katika makala yake ya 2009, aliandika kwamba miongoni mwa waliolalamika wakasikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao. Weusi wenye nyuso walisubiri.

Halafu lenzi. Lenzi pana ya simu, ukiisogeza karibu na omo, inalivimbisha na kulifinya tezi. Kwa mapambo hakuna neno. Kwa anayetaka kujua umbo, ni uongo. Rudi nyuma, tumia lenzi ndefu, simama usawa wa katikati ya chombo.

Kalamu ipewe yale ambayo jicho haliwezi kuyaona mara moja: chombo kilivyo kutoka ubavuni, kutoka juu na kutoka mbele, kwa kipimo kimoja, na mkato wa katikati unaoonyesha mkuku, taruma na mbao vinavyokutana. Mimi ningetumia ukurasa mzima kwa taruma peke yake. Taruma zuri halipindwi. Fundi anatafuta mti uliokua umepinda, anasoma pindo la tawi na kujua litakaa wapi ndani ya chombo. Chora mti kushoto, taruma kulia, mstari mwekundu ukionyesha ni sehemu ipi ya mti. Hakuna kamera itakayoweza hilo, maana mti na chombo havijawahi kusimama pamoja.

Majina ya viungo vya chombo yaandikwe kama mafundi wa pale wanavyoyataja, hata kama ya Unguja au Lamu ni mengine. Kuhusu kupanga ukurasa, asikimbilie violezo vya intaneti. Mama yake ana sanduku la kanga, na pindo, mji wa katikati na maneno ya kanga hizo vimemtangulia kutatua tatizo la picha na maandishi kukaa pamoja bila kugombana.

Limebaki la adabu, na sheria iko nyuma yake. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mpiga picha haki juu ya picha yake. Haisemi kwamba uso uliomo ni wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelikaza zaidi suala la ridhaa. Omba kabla ya kupiga, eleza picha inakwenda wapi, na mtu akikataa, kubali. Jina la fundi liandikwe chini ya mchoro kama akipenda, kwa sababu umbo unalochora ni ubunifu wake.

Kisha, wewe mwanafunzi, kabla hujawasilisha kazi chuoni, chapisha michoro yako kwa ukubwa wa kutosha, irudishe Jibondo, mkabidhi fundi kalamu nyekundu. Atakayoyasahihisha yaache yaonekane hivyo hivyo kwenye jalada lako. Mwalimu atakayekupunguzia alama kwa sababu hiyo, mwambie aje anione.