Simdega, India: Kanisa Lililopitia Mahakamani

Tunapozungumzia Ukatoliki nchini India, wengi wetu humkumbuka Mtume Tomaso na pwani ya Kerala, au Mtakatifu Teresa wa Calcutta. Ni wachache wanaoijua Simdega, wilaya ya vijijini kusini-magharibi mwa Jharkhand, ambako zaidi ya nusu ya wakazi ni Wakristo. Katika taifa ambalo Wakristo hawafikii watatu kati ya kila watu mia, jambo hili linahitaji maelezo.

Wilaya yenyewe ni changa. Ilimegwa kutoka Gumla mwaka 2001, na Gumla nayo ilikuwa imemegwa kutoka Ranchi mwaka 1983. Kanisa liliitangulia serikali, kwa kuwa Jimbo Katoliki la Simdega liliundwa mwaka 1993. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu 599,578, wengi wao Waadivasi, yaani wenyeji wa asili: Wakharia, Wamunda na Waoraon. Ni wakulima wa mpunga, na watoto wao ni hodari wa mpira wa magongo. Salima Tete, aliyeichezea India katika Olimpiki ya Tokyo, ni binti wa huko.

Kiini cha habari yao ni ardhi. Kwa mila ya Wamunda, shamba ni la wazao wa waliofyeka msitu kwanza. Cheti hakikuwapo, wala hakikuhitajika. Utawala wa Kiingereza ulipoleta mahakama na karatasi, mabwana wa ardhi kutoka nje wakapata mwanya. Walipandisha kodi, wakawatumikisha wakulima shokoa, na aliyekataa alishtakiwa kwa lugha asiyoielewa.

Walutheri kutoka Ujerumani walikwisha kufika Ranchi mwaka 1845. Miaka 40 baadaye alikuja Padre Constant Lievens, Mjesuiti wa Ubelgiji, akaweka makao Torpa. Alijifunza lugha za wenyeji, na pamoja nazo sheria za ardhi. Aliwasaidia wakulima katika mashauri yao na kuwaeleza lipi walidaiwa kwa haki na lipi ni dhuluma. Vijiji vizima viliomba Ubatizo. Kifua kikuu kilimrudisha kwao, akafariki tarehe 7 Novemba 1893, akiwa na umri wa miaka 37.

Wako waliosema, na wapo wanaosema hata leo, kwamba watu hao walifuata kesi, si Kristo. Tunakiri kwamba wengi walianzia kwenye kesi. Lakini hata katika Injili, wengi walimwendea Bwana kwa sababu ya ukoma, upofu au njaa, naye hakuwafukuza.

Mahakama pekee haikutosha. Mwaka 1899 Birsa Munda, aliyewahi kusoma shule ya misioni, aliongoza uasi ambao haukuwaacha hata wamisionari; alifia gerezani Ranchi mwaka 1900. Serikali iliona kwamba bila sheria mpya amani isingepatikana. Mjesuiti Mjerumani, Padre John Baptist Hoffmann, alisaidia kuitayarisha Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya Chotanagpur ya mwaka 1908. Mwaka uliofuata alianzisha chama cha akiba na mikopo, ili mkulima asiishie mikononi mwa mkopeshaji wa riba. Vita Kuu ilipozuka, Waingereza walimfukuza kwa kuwa ni Mjerumani.

Sheria hiyo ingali hai. Mwadivasi haruhusiwi kumuuzia shamba lake asiye Mwadivasi, na hata akimuuzia mwenzake anahitaji kibali cha Naibu Kamishna, ambaye ndiye mkuu wa wilaya. Mwaka 2016 serikali ya Jharkhand ilipitisha marekebisho ya kurahisisha matumizi mengine ya mashamba. Waadivasi waliandamana, Wakristo na wasio Wakristo, na mwaka 2017 gavana Droupadi Murmu, naye Msantali, akaurudisha muswada bila kuutia sahihi.

Hata hivyo, shamba linalotegemea mvua halilishi nyumba mwaka mzima. Wasichana wengi wa Simdega huenda Delhi kufanya kazi za ndani, na baadhi yao huchukuliwa kwa hila na mawakala ambao wazazi wao hawajui wawatafute wapi.