Uzinzi Hauanzi kwa Risasi

Filamu *White Mischief* ya mwaka 1987 yasimulia kisa kilichotokea kweli nchini Kenya. Josslyn Hay, Lodi wa Erroll, alikuwa na uhusiano na Diana, mke wa Jock Delves Broughton. Tarehe 24 Januari 1941 alikutwa ndani ya gari lake nje ya Nairobi, ameuawa kwa risasi, akiwa na umri wa miaka 39. Broughton alishtakiwa, mahakama ikamwachia huru. Mwaka uliofuata alijiua huko Liverpool.

Mfalme Daudi naye (2 Samweli 11) alianza kwa kutazama. Akauliza, akatuma wajumbe, akaishia kupanga kifo cha Uria. Katika kila hatua angaliweza kurudi nyuma. Katekisimu (na. 2381) yafundisha kwamba uzinzi ni udhalimu: huvunja agano la ndoa na kuhatarisha ustawi wa watoto.

Sisi wa Ipuli twalijua jaribu la safari. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Tabora hadi Bagamoyo, miezi mingi mbali na nyumba zao. Leo wapo madereva na wafanyabiashara. Umbali haufuti kiapo cha altareni. Basi ujumbe tusioweza kumwonyesha mwenzi wetu tusiuandike. Na aliyekwisha kuanguka asisubiri siri ifichuke: aukate uhusiano huo, akimbilie Sakramenti ya Kitubio. Daudi alipokemewa na nabii Nathani alikiri, akasamehewa. Lakini Uria hakurudi. Heri kugeuka mapema.