Tangazo la kazi limjibu muuguzi

Wauguzi wapo kwenye ufuko huu wa Ziwa Tanganyika. Shule zinawatoa kila mwaka, na wengi wao hupita mezani kwangu hapa Mulongwe, mjini Uvira, ambapo napiga chapa barua za maombi, natengeneza CV na kuskani diploma. Kinachokosekana ni tangazo linalowaambia wanachotaka kujua kabla hawajafunga mizigo.

Binti mmoja wa Sange, muuguzi wa A1 (ngazi ya chuo), alinionyesha simu yake. Hospitali fulani ilikuwa imeweka tangazo kwenye ukurasa wake wa ajira: karatasi iliyopigwa picha ikiwa imepinda, muhuri umekaa juu ya tarehe ya mwisho. Faili lilikuwa zito, akanunua mega tena ndipo likafunguka. Mistari mingi ilidai vyeti: cheti cha kuzaliwa, cha mwenendo mwema, kadi ya ONEM, ofisi ya taifa ya ajira. Kazi yenyewe ilipewa mistari miwili.

“Mama, nyumba wanatoa?” akaniuliza. “Na atakayenilipa ni nani?”

Nikasoma upya toka juu hadi chini. Jibu halikuwamo.

Hilo la malipo ndilo zito. Katika Kongo yetu muuguzi anaweza kuhudumia wagonjwa miaka bila jina lake kuingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali, akaishi kwa mgao wa pesa wanazolipa wagonjwa. Mwingine anapata marupurupu ya hatari lakini mshahara hana. Kwa hiyo tangazo linaloahidi “malipo kwa kufuata utaratibu” halijasema kitu, na mwenye uzoefu ataliacha aendelee kungoja kazi ya shirika. Ukurasa utenganishe wazi: hiki kinalipwa na serikali, hiki kinalipwa na hospitali.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuvuta na kubakiza watumishi wa afya vijijini na maeneo ya mbali. Unataja makazi mazuri, usalama kazini, msaada kwa familia, na kuwasomesha vijana waliotoka maeneo hayohayo. Makazi ndilo swali la kwanza la yule binti! Basi hospitali iandike shule ya watoto iko wapi, maji yanatoka au hayatoki, barabara ya Kamanyola inapitika au la.

Wala Uvira isifiche kipindupindu. Mwaka 2020, mwaka uleule mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa Aprili na kubomoa nyumba zetu, watu wa mji walipewa chanjo ya ugonjwa huo. Muuguzi aliyefanya zamu kwenye kituo cha kipindupindu hapa anajua kumwokoa mtu aliyekaukiwa maji. Ujuzi huo utajwe kwa fahari. Kijana wa Bukavu anayetaka kujifunza kazi atakuja.

Mengine ni mepesi. Maandishi badala ya picha, tarehe ya mwisho juu kabisa, nambari ya simu inayopokelewa. Nakala za vyeti zipokelewe kwa WhatsApp, asili zije siku ya usaili. Pia iandikwe kwamba kuomba kazi ni bure, kama mashirika ya Umoja wa Mataifa yanavyoandika, maana matapeli wanawatoza vijana “pesa ya dosia”. Na nafasi ikijazwa, tangazo liondolewe siku hiyohiyo. Bado naandikia watu barua za nafasi zilizokwisha kuchukuliwa, na kila karatasi wanailipia.