Diske za frene: pima mbele ya kulipa

Toka Lubumbashi kufika Kipushi ni kama kilometa 30, kati ya makamyo na vumbi. Mwenye Subaru ya mbio anakimbiza, anafunga, anakimbiza tena: frene njo inalipa.

Siku diske zinaisha, wengi wanaenda kwa muuzishaji na jina tu: "Nipe ya Impreza." Lakini Impreza haiko moja. Diske ya mbele ya WRX moja iko na milimeta 277, ingine 294. Ya STI yenye frene za Brembo, 326. Muuzishaji atasema: "Inaingia, patron." Kuingia na kushika ni mambo mbili! Toa gurudumu, pima ya zamani, beba na namba ya shasi.

Ya okazi? Tafuta neno MIN lililochorwa juu ya diske: ni unene wa mwisho. Ikifika pale, hata inang'aa, ni ya kutupa.

Fundi abadilishe zote mbili za mbele, na plakete mpya. Asugue kutu pale diske inakalia, apanguse mafuta ya kiwandani, akaze bolu kwa msalaba. Kilometa za kwanza, funga polepole. Plakete na diske bado zinazoeana.