Mzee Akianguka

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 4, tunasoma jinsi Eli alivyokufa. Alikuwa na miaka 98, macho yake hayakuona tena, na mwili wake ulikuwa mzito. Aliposikia habari mbaya alianguka kwa nyuma, shingo yake ikavunjika. Hakuanguka kutoka juu ya mti. Alianguka kutoka kitini. Hata leo wazee wengi wanavunjika hivyo, nyumbani mwao, kwa kuteleza mara moja tu.

Kwa nini mfupa wa mzee huvunjika upesi?

Mfupa una uzima. Kila siku mwili hubomoa sehemu yake ndogo na kujenga nyingine. Katika ujana kujenga hushinda. Katika uzee kubomoa hushinda, na mfupa huwa na matundu ndani kama jiwe jepesi la volkano. Kwa wanawake jambo hili huenda mbio baada ya damu ya mwezi kukoma.

Tena, hapa Goma ardhi yenyewe hututega. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, na mwaka 2021 ulishuka tena mpaka ukingo wa mji. Mitaa mingi ni mawe hayo, makali na yasiyo sawa. Mama mzee mwenye bidoni ya maji, macho yenye ukungu na sandali zilizolegea, atajikwaa.

Mtajuaje kwamba amevunjika?

Mara nyingi huvunjika kifundo cha mkono, uti wa mgongo, au mfupa wa paja karibu na nyonga. Akivunjika nyonga hawezi kusimama. Mguu mmoja huonekana mfupi, na unyayo hugeukia nje. Lakini wengine huweza kukanyaga kidogo, ijapokuwa mfupa umepasuka. Maumivu ya nyonga baada ya kuanguka yapimwe.

Mtende nini?

1. Msimwinue kwa kumvuta mikono, wala msimjaribishe kutembea.
2. Msikande wala kunyoosha mahali panapouma.
3. Wekeni nguo iliyokunjwa katikati ya miguu, kisha fungeni mguu mbovu pamoja na ule mzima, bila kukaza sana. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, legezeni.
4. Mchukueni amelala juu ya ubao au mlango. Msimkalishe juu ya pikipiki.
5. Mleteni hospitali siku ile ile, apigwe picha ya mfupa.

Wengine humpeleka kwanza kwa fundi wa kuunga mifupa, wakakaa huko majuma. Nyonga ya mzee haipendi kungoja. Mtu anayelala bila kugeuka hupata vidonda vya mgongo, homa ya mapafu, na damu kuganda katika mishipa. Hayo ndiyo huua, zaidi ya mfupa wenyewe. Daktari akiweza kumpasua na kukaza mfupa kwa chuma mapema, mzee huketishwa na kusimamishwa upesi, na hatari hizo hupungua. Msiseme, «Ni uzee tu, tumwache.»

Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya

Wekeni taa karibu na kitanda, na njia ya choo iwe bila mawe wala kamba. Mzee aamke polepole: aketi kwanza, kisha asimame, hasa kama anakunywa dawa ya damu kupanda. Apimwe macho, maana ukungu wa macho hupasuliwa. Apewe fimbo, na viatu vinavyoshika mguu.

Ale sambaza nzima pamoja na mifupa yake, maziwa, maharagi na lengalenga. Aote jua. Atembee kila siku, kwa maana mguu usiotumika hudhoofika. Aache tumbaku na pombe.

Nawe mzee unayesoma haya: ukianguka, usifiche kwa kuogopa kuwalemea watoto. Mtu aliyeanguka mara moja huanguka tena kwa urahisi. Waambie leo, wapate kuondoa lile jiwe mlangoni.